Jiwe Geni

Kutafuta jiwe Mwanza! Nilicheka peke yangu zamuni.
Mji ambao mawe yamebebana migongoni,
watu wamejenga juu yake, chini yake, ubavuni mwake,
nami nikatafute moja, jeusi, lisilo na kwao.

Rada iliona kitu saa moja na dakika kumi na moja, giza likiingia:
punje za kijani juu ya Igombe,
na mbinguni hakuna wingu, hata la dawa.
Nikasema ni wadudu wa ziwani,
wale wanaoinuka kama moshi mwezi ukiandama.
Lakini wadudu hupanda.
Hizi zilikuwa zinashuka.

Nikabeba dira na daftari.

Lushinge, mlinzi wa kinu cha pamba, aliapa:
"Kimeanguka hapo, nyuma ya choo."
Kayenze wakasema nyuma ya shule.
Kila mtu alikiona nyuma ya kitu chake.
Sikubishana. Niliwaomba wasimame pale pale,
wanyooshe mkono,
nikapima mkono, si maneno.

Nyanzobe hakuona kitu. Aliinama, anaanua dagaa,
akaona kivuli chake kikimzunguka miguuni,
"kikakimbia kama mwenye deni."
Halafu kimya. Akaanua safu mbili nzima
ndipo mbingu ikagonga.
Nikamwomba aanue tena, nikashika saa:
dakika moja na nusu.

Usiku nikachora mistari juu ya ramani.
Mingi ilikutana majini.
Kipande kikubwa kimekwenda huko, basi,
sangara wanakinusa.
Ila vidogo huchelewa njiani, upepo huvisukuma,
na upepo wa juu jioni ile ulielekea nchi kavu.
Nikazifuata zile punje za kijani, moja moja,
zikanirudisha kwenye uwanja wa dagaa.

Siku tatu nilipita na sumaku kwenye uzi.
Mawe ya Igombe yalininyamazia.
Siku ya nne Nyanzobe akaniuliza, nusu kwa huruma,
kama jiwe langu lina ganda la mkate ulioungua,
maana hilo linalokandamiza turubai lake
hakumbuki kuliokota.

Uzi ukapinda. Sumaku ikashika.

"Chukua," alisema, "ila niletee jingine.
Upepo haungoji utafiti wenu."

Nikashuka ufukweni kumtafutia jiwe,
mimi, Mwanza,
nikainua hili, nikarudisha lile,
nikakawia mno kuchagua.