Daftari la Maziwa

Jumanne. Aurelia, lita sita. Proches, nne na nusu.
Ndeonasia hakuleta, ng'ombe wake ana homa.
Jumla ya kituo, mia nne na kumi na mbili.
Umeme umekatika saa tisa na dakika tano alasiri.

Naandika mimi, katibu wa kikundi, Kibosho,
kwa kalamu ileile ya kuhesabia vikombe.
Safu ya Maelezo ni nyembamba,
na leo maelezo yamekataa kukaa ndani ya mstari.

Redioni wametuonya tusiseme mgawo.
Tuseme matengenezo. Tuseme maboresho.
Haya. Lakini mgawo naujua tangu utoto:
mbuzi akichinjwa, kidari kina mwenyewe,
mguu una mwenyewe, na kitinda mimba
hakosi hata kipande cha utumbo.
Kwa hiyo mna haki, huu si mgawo.
Sisi tumepewa ngozi, tena ya usiku.

Tangi linang'aa kama jino la bandia.
Tunalilipia mkopo hadi mwaka wa tatu kutoka sasa.
Umeme ukikatika, maziwa nayo hukatika;
Kiswahili kiliyaona haya mapema
kuliko wataalamu wa wizara.

Mwezi uliopita Mheshimiwa alipanda kutoka mjini,
magari saba, yote yakinguruma chini ya migomba
ili viyoyozi visizime
wakati yeye anatuhubiria hewa safi.
Akatugawia mitungi ya gesi
yenye picha yake ubavuni, anacheka.
Gesi iliisha kabla ya Kwaresima kuisha.
Kujaza tena ni maziwa ya wiki mbili, na nauli ya bodaboda juu.
Sasa Aurelia huukalia mtungi akikamua,
na Mheshimiwa anacheka pale pale,
karibu sana na kwato.

Akapanda na mti. Mbuzi wa Apolinari
aliula siku ya tatu, majani na kamba yake.
Apolinari kapigwa faini
kwa kuhujumu mapambano dhidi ya mabadiliko ya tabianchi.
Risiti anayo. Anaitembeza kilabuni,
watu wanamnunulia mbege wapate kuisoma.

Msitu umefungwa, kuni hatuokoti.
Afisa alisema hewa yake imepata mnunuzi
huko mbali, kwa watu wenye viwanda,
wailipie hii yetu wapate kuendelea kuchafua ya kwao.
Ndeonasia akanyoosha mkono:
"Hiyo hewa mnaipima kwa kikombe gani?"
Wote wakageuka kukitazama kikombe changu.
Afisa akacheka, akafunga mkoba.
Mimi hata mtu wa nusu lita
humwonyesha alama kabla sijaandika.

Gunia moja la mkaa la Proches ni uharibifu wa mazingira.
Mlima mzima wa makaa ya mawe, ukichimbwa na kampuni,
ni uwekezaji.
Nimeyaandika yote mawili mstari mmoja
nione kama kalamu itasita.
Haikusita. Ni kalamu tu.

Mfongo uliochimbwa na babu wa babu yangu
siku hizi huleta maji Alhamisi, ukikumbuka.
Asubuhi Kibo hujitokeza, kipara kimeongezeka,
na chini kule mji unaitwa Moshi
kana kwamba aliyeupa jina alikuwa ameshaona bajeti.

Saa nne usiku na dakika kumi, taa imewaka.
Watoto wameshangilia mpaka mtaa wa pili.
Tangi limetetemeka, likaguna,
likaanza kupoza maziwa yaliyokwisha kuharibika,
kwa bidii kubwa,
kama serikali.

Yaliyomwagwa: mia nne na kumi na mbili.
Saini ya katibu, ipo. Saini ya mkaguzi, hajafika.

Jumatano. Aurelia, lita tano.
Proches, nne, pamoja na ndoo moja tupu.
Nimemuuliza ya nini.
Ameinua macho, akaitazama taa.