Mnong'onezi

Kazi yangu ilikuwa kukaa shimoni.
Shimo lenyewe: kreti mbili za bia zilizopinduliwa
chini ya jukwaa la ukumbi wa parokia, Kadutu,
tochi, daftari, na koo lililokatazwa kukohoa.
Miaka thelathini na mmoja nimeitazama dunia
kuanzia vifundo vya miguu ya Cibalonza.

Nalijua kovu la kisigino cha kushoto,
mfuniko wa kopo, mtelemko wa Nyamugo, utotoni.
Najua alipokuwa malkia vidole vyake vilijikunja,
na alipokuwa mwizi vilitulia tuli.

Mara ya kwanza alikuwa na miaka kumi na saba,
mjakazi, sentensi moja: "Mgeni amefika, bwana."
Akaisema. Hakutoka.
Alibaki pale, sinia mkononi, akimtazama huyo mgeni
hadi ukumbi ukasahau bwana ni nani.
Mkurugenzi Bisimwa alimkata nusu ya posho.
Wiki iliyofuata akampa sentensi arobaini.

Mvua ya Bukavu haina adabu.
Ikishuka juu ya mabati, padri mwenyewe hurudia Amina mara tatu.
Wenzake walipaza sauti. Yeye aliishusha,
akaishusha,
mpaka watu mia mbili wakainama mbele
kama wanaochungulia kisimani.
Umeme ulipokatika katikati ya kilio cha mjane
alisema, bila kutoka ndani ya kilio kile,
"Mwanangu, iwashe taa ya marehemu baba yako,"
na mzee mmoja wa safu ya tatu akapekua mfuko,
akawasha kibiriti, akaushika mpaka ukamuunguza.

Kisha sinema.
Filamu tatu, na katika zote tatu alikufa mapema.
Ya kwanza, risasi, kabla jina la filamu halijaandikwa.
Ya pili walimzamisha ziwani siku mbili mfululizo
kwa sababu wingu lilikataa kukaa sawa.
Ya tatu alikuwa mama wa shujaa:
dakika nne nzima, kwa Kiswahili chetu hiki hiki,
na akarudi nyumbani na gauni waliloshindwa kulifua damu ya rangi.

Tulipoionyesha Nyawera, kwenye ukuta wa shule,
kinywa chake kilifunguka
na sauti ya mwanamke mwingine ikatoka,
Kifaransa laini kama siagi ya kopo.
Kimya.
Mama yake akauliza, bila kunong'ona:
"Nani huyo amepanga ndani ya kinywa cha mtoto wangu?"
Cibalonza alicheka kuliko sisi sote.
Usiku ule nilimwona akiosha miguu, muda mrefu,
mpaka maji ya beseni yakapoa.

Muuza sambaza wa Kadutu bado anamwogopa
kwa sababu ya yule mama wa kambo aliyewahi kumwigiza.
Humwongezea kikombe, macho chini.
"Ndio uzeeni wangu huo," husema, "kikombe cha samaki
kwa ubaya ambao sikuutenda."

Mwaka jana maneno yalianza kumtoroka.
Nilinong'ona; aliyapokea bila kutazama chini,
kama mtu anavyopokea chenji.
Mwanzo neno moja. Baadaye nusu sentensi. Baadaye
nilikuwa nasema mimi, naye anasogeza midomo nyuma yangu.

Jumamosi iliyopita nikanong'ona, "Nyumba hii niliijenga kwa..."
Vidole havikujikunja.
Nikarudia. Nikarudia.
Ndipo akachuchumaa ukingoni mwa jukwaa, mbele ya watu,
akashusha uso ambao miaka yote niliuona kidevu kwanza,
na kwa sauti ile ya siku za mvua akaniuliza:
"Wewe uliye huko chini, umekula?"

Ukumbi ukapiga makofi.
Nililitafuta swali hilo daftarini. Halikuwemo.
"Bado, Cibalonza," nikasema,
neno langu la kwanza jukwaani.

"Basi tufunge," akasema.
Na kijana Ntakwinja, kamba ya pazia mkononi,
akainama kunitafuta mimi,
anijue ni kufunga kupi.