Kipande Namba Arobaini na Moja

Bi Zaituni Mhina kaapa, mkono juu ya daftari:
nywila yake hajampa mtu, hata mumewe,
hata yule mjukuu anayemtengenezea simu.
Namwamini.
Mwizi hakuuliza nywila.
Aliingia chama cha akiba cha wakulima wa mkonge
saa nane usiku, kwa jina la Bi Zaituni,
na mfumo ukamwamkia: Karibu tena.

Mfumo ule niliuandika mimi,
ghorofani, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
feni likikatakata joto bila kulipunguza.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nililinda baiskeli
nje ya uwanja wa Mkwakwani, siku za mechi.
Kila baiskeli na kipande chake cha bati,
namba imegongwa kwa msumari.
Sikuuliza jina. Mwenye kipande ndiye mwenye mali.
Akaja kijana na arobaini na moja,
nikamtolea Swala nyeusi, kengele mbili,
hata nikamfutia vumbi kwenye tandiko.
Kisha akaja mzee Shekiondo, mfuko wa kanzu umetoboka,
akasimama pale ilipokuwa baiskeli yake
asiseme neno.
Neno hilo nalisikia mpaka leo.

Kidakuzi ni bati lile lile.
Nililiacha juu ya ukurasa kama sahani ya ubwabwa,
msimbo wowote mpita njia ukalichungulia.
Likasafiri bila bahasha katika mgahawa wa intaneti.
Likaishi mwezi mzima.
Na Bi Zaituni alipobonyeza Toka
nililifuta kwake,
sikulivunja kwangu.

Usiku huu nashona mfuko wa kanzu.
Kidakuzi kionwe na seva tu, msimbo wa ukurasani usikiguse.
Kisitoke ila ndani ya bahasha yenye lakiri.
Kikiitwa na tovuti ya jirani, kisiitike.
Anayeingia apewe namba mpya, ndefu, isiyobahatishika,
na akiondoka, nyundo.
Akikaa kimya nusu saa, nyundo vilevile.

Jumatatu simu inalia. Kanuna.
Kaenda kuswali adhuhuri, kapitia wali kwa Mwanajuma,
karudi, kioo kinamuuliza yeye nani.
"Miaka kumi na tisa niko dirisha hili, mwanangu.
Leo hunijui?"

Nakujua, mama.
Bati ndilo halimjui mtu.