Kidoti Kimesimama Mombo

Saa saba na robo usiku, yadi ya Pongwe.
Feni inasukuma joto lilelile toka ukuta hadi ukuta.
Kwenye skrini magari yangu kumi na moja
ni vidoti vya kijani, punje za choroko
zilizodondoka toka Segera hadi Same.

Kimoja hakisogei.

Nampigia Shekigenda. Inaita. Inaita.
"Nipo Mombo, dada. Nimeegesha."
Pancha?
"Hapana."
Trafiki?
"Hapana, dada. Macho."
Basi, neno hilo tu. Nyuma yake
mtu anakaanga chipsi, jenereta inakohoa.

Mifuko mia sita ya saruji.
Arusha, saa moja asubuhi, mafundi watakuwa wamejipanga,
mashine ya zege imekodiwa kwa saa,
na mkataba una meno: kila saa ya kuchelewa, laki mbili.
Naujua kwa moyo kama Yasini.

Ukutani bosi amebandika: MTEJA HASUBIRI.
Wiki walipokuja watu wa bima akabandika ya pili:
USALAMA KWANZA.
Karatasi mbili, msumari mmoja.
Feni ikigeuka huku nasoma hii,
ikigeuka kule nasoma ile.

Mwaka juzi, usiku kama huu,
Hoza alinipigia toka Mkomazi.
Nikamwambia, kaza kidogo, baba, utalala ukishashusha.
Sikufoka. Nilimwambia kwa upole,
hata nilicheka,
na kicheko hicho ndicho kinachonirudia.
Mbele ya Hedaru palikuwa na tela bovu lisilo na taa.
Wenyewe walikuwa wametandaza matawi barabarani.
Aliyaona, alisema baadaye, aliyaona vizuri kabisa
yale majani mabichi kwenye mwanga wa taa,
akadhani amefika kwao Amani,
kwenye iliki ya mama yake.

Sasa yuko getini kwetu, na gongo lake la mti.
Anaandika namba ya gari, saa ya kutoka, jina.
Matairi hayaulizi. Pembetatu haiulizi.
Anamtazama dereva usoni: "Umelala?"
Asiyejibu haraka hafunguliwi.
Mimi huniletea chai ya tangawizi.
Hajawahi kuniuliza kitu.

"Shekigenda, zima injini. Lala.
Nitakuamsha saa kumi na nusu."
Kimya. Kisha, "Na mteja?"
"Mteja niachie mimi."

Injinia Kaaya hapendi kuamshwa.
Alinitukana kwa utulivu, sentensi nzimanzima,
mzigo mmeuchukua kwa mkono, mnauleta kwa mguu,
nami nikayameza moja moja
kama kwinini, maji nusu kikombe.
Laki sita, au zaidi. Bosi atanikata kidogokidogo
hadi Desemba, na ada ya Zuhura haijui habari hizi.
Sijifanyi shujaa. Mkono ulinitetemeka
nilipoiweka simu chini, na hadi sasa sijui
kama kesho meza hii ni yangu.

Kwenye fomu, *Sababu ya kuchelewa*, kuna visanduku:
pancha, mvua, mizani, trafiki, mengineyo.
Niliitafuta mara mbili.
Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni:
dereva alikuwa na usingizi, akalala.
Maneno hayo yakaonekana mageni pale, ya kitoto,
kama nimeandika kwamba alikuwa na kiu, akanywa.

Gongo likagonga sakafu ya ukumbini.
Hoza, na vikombe viwili kwenye kidole kimoja.
Akaikodolea macho skrini.
"Nani yupo Mombo?"
"Shekigenda."
"Amepata nini?"
"Analala."

Hakusema kitu.
Alivuta kiti, akalaza gongo juu ya mafaili,
tukakaa tukikitazama kidoti kisichosogea
kama watu waliokesha na mtoto
na sasa homa imeshuka,
hakuna anayethubutu kumgusa.