Nukta Nne

Jumatatu na Jumatano, saa tatu asubuhi,
tunasoma takwimu kwa Bwana Ostlund,
mtu mrefu, chaki imempanda hadi kwenye nyusi.
Huandika wastani kama mtu anayefunga mlango:
jumlisha, gawanya, basi.
Nje theluji imefika kwenye vioo vya madirisha,
na mimi, Lempi Harjala, miaka arobaini na mitatu,
dereva wa basi la shule kwa miaka kumi na sita,
nimekaa kati ya vijana wa rika la mwanangu
nikikibembeleza kikokotoo
ambacho wao hukiamrisha kwa kidole gumba.

Jumanne ni zamu ya Bi. Cadotte,
mbinu za kufundisha maarifa ya jamii.
Yeye hana chaki. Ana swali moja tu,
amelichakaza kwa kulitumia:
"Katika jedwali hili, nani hayupo?"

Nikawa na walimu wawili,
mmoja ananiambia nihesabu waliopo,
mwingine ananituma kwa wasiokuwepo,
na karo moja, ya mkopo.

Mwezi wa pili wakanipeleka mazoezini,
darasa la nane, kwetu Torvola,
mji wa shaba isiyochimbwa tena.
Mnara wa mgodi umebaki, na kunguru wake.
Nilibeba nakala ya daftari la sensa ya zamani:
mtaa mmoja, nyumba kumi na tano,
watu themanini na mmoja.
Nikasema, "Gawanyeni."
Wakagawanya. Tano nukta nne kwa kila nyumba.
Nikaandika ubaoni, nikapigia mstari mara mbili,
nikajiona nimefika.

Wyatt Beaudry, kofia kichwani kinyume cha sheria,
akanyoosha mkono nusu.
"Mwalimu, hao watano nimewaelewa.
Nukta nne ni nani?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka,
kicheko cha dereva aliyepitiliza kituo.
Nilitaka kusema kama angesema Ostlund:
hakuna mtu wa nukta nne, ni hesabu tu.
Ulimi ukawa mzito. Kule nyuma
Bi. Cadotte aliacha kuandika.

Ndipo Saima, ambaye wiki tatu nzima
sikuwahi kuisikia sauti yake,
akaliambia dawati lake:
"Mama yake babu yangu alilaza wapangaji.
Kitanda kimoja, watu wawili.
Wa zamu ya mchana akiamka,
wa zamu ya usiku anaingia na vumbi lake.
Shuka haikupoa miaka tisa.
Sasa karani akija na kalamu saa nne asubuhi,
mmoja yuko chini ya ardhi,
mwingine amelala. Nani atamwamsha?"

Akasita.
"Labda huyo ndiye nukta nne."

Nilijua si hesabu.
Lakini mikono ilikwisha kuwa juu, hata wa Wyatt,
mzima safari hii,
kila mmoja na mtu wake:
shangazi wa chumba cha juu, mtoto asiyefikisha juma,
mzee aliyejificha karani alipobisha
kwa sababu hakujua Kiingereza, akidhani ni polisi.
Kengele ikalia.
Mimi niliyeishi kwa saa miaka kumi na sita
nikajifanya sijaisikia.

Jumatano nilimsimulia Ostlund mlangoni.
Alivua miwani, akaifuta kwa tai,
akaniambia kosa langu lina jina,
akalitaja polepole ili niandike.
Niliandika.
Kisha, nikiwa nimeshampa mgongo:
"Hiyo shuka, ulisema miaka mingapi?"

Mtihani wake nilipata sabini na moja.
Wastani wa darasa, sabini na nne.

Jioni, nikikoroga uji wa shayiri dirishani,
basi langu la zamani lilipita,
dereva mpya akanipigia honi.
Kwa mazoea nikahesabu vichwa:
kumi na tisa,
na kofia moja iliyoegemea kioo
ambayo siwezi kuapa kama ilikuwa na mtu.