Daftari la Katibu

Kiharusi. Nani alilitunga jina hili?
Kama harusi ndogo, ya watu wachache,
isiyo na kadi wala ukumbi.
Na mimi nilikuwa katibu wa harusi kubwa kubwa
kumi na nne, Tabata hadi Segerea,
mwenye daftari la jalada gumu, kalamu mbili
na simu isiyolala.

"Katibu, niandike laki."
"Katibu, elfu ishirini sasa hivi, nyingine nikipata."
Niliandika. Mkono huu wa kulia ulikuwa na mwandiko
ambao Mwenyekiti Anyelwisye aliusifu mbele za watu:
"Huyu siku akifa, hatutajua nani anadaiwa."
Tulicheka hadi meza ikamwaga bia.

Sikufa.
Nilianguka bafuni Jumatatu, alfajiri,
ndoo ikaendelea kujaa.
Niliyasikia maji yakimwagika
na sikuweza kusema: maji.

Juma la kwanza wodi ilifurika.
Juisi za boksi zilipangwa dirishani kama duka,
muuguzi akawatoa watu kwa zamu.
Juma la tatu muuguzi hakuwa na wa kumtoa.
Mwezi wa pili kamati ilianza harusi nyingine,
wakanitoa kwenye kundi, kwa heshima:
"Tusimsumbue mgonjwa."
Simu ikajifunza kulala.

Sitaki kuwasema. Nimewahi kuwa wao.
Lugendo alipopooza nilipita kwake mara moja,
nikakaa ukingoni mwa kiti,
nikamwambia "utapona tu, kaka"
kwa sauti ile ya kwenye kipaza sauti.
Kumtazama mtu aliyekwenda mdomo upande
ni kama kuona bili yako inaandikwa.

Dawa zilipobaki za siku nne
Kokubanza, mke wangu, alilitoa daftari.
Tukapitia kurasa kama watu wanaochambua mchele.
Huyu kahamia Dodoma. Huyu hapokei.
Huyu alituma elfu kumi na maneno marefu.
Huyu alishafariki; hatukuambiwa.
Tukafika kwa Sikitu.

Sikitu wa nyumba ya pili, tuliyegombana naye kwa ajili ya mtaro.
Harusi ya binti yetu aliahidi elfu hamsini,
na mbele ya jina lake, kwa wino mwekundu:
HAJALETA.
Nimepiga mstari mara mbili.

Kokubanza akalifunga daftari taratibu
kwa sababu Sikitu alikuwa mle mle chumbani,
amepiga magoti kwenye mkeka,
anaufungua mkono wangu kidole kimoja kimoja
kama mtu anayemenya yai la moto.
Miezi miwili alikuwa akija hivyo,
akimaliza kuuza vitumbua, bila hodi.
Mama yake alilala hivi miaka sita.

Na Shomvi wa bajaji,
ambaye jina lake halimo ukurasa wowote,
hunipeleka mazoezi kila Alhamisi,
hunibeba mgongoni kuvuka dimbwi la mtaani kwetu
huku akinung'unika: "Katibu, una uzito wa ahadi."

Kule mazoezini tuko saba. Hatujuani makwetu.
Tunajuana kwa upande: mimi kulia,
yule mama wa Kinyerezi kushoto.
Tukikaa benchi moja tunapata mikono miwili:
yeye anashika chupa,
mimi nafungua kizibo,
tunakunywa kwa zamu.

Jana nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto.
Herufi zilianguka kama walevi wa kikao.
Nilitaka kulifuta lile neno jekundu
nikaishia kuchana karatasi.
Sikitu akaniona.
"Liache," akasema. "Deni ni deni.
Nitaleta mwisho wa mwezi."

Hakusema mwezi gani.
Akaurudia mkono wangu,
alikuwa amefika kidole cha nne.