Sifuri ni Uji

Umeme umerudi saa saba ya usiku, Kamalondo.
Majirani wamepiga vigelegele, kisha pasi, kisha redio,
nami nimefungua kompyuta juu ya meza ya kukandia mikate
niendelee na shaba yangu pale ilipokatika.

Ni shaba isiyochoma mtu.
Miraba mia tano kwa mia tano, kama daftari la hesabu,
na katika kila mraba namba moja tu:
sifuri ni uji,
moja ni jiwe,
na kati yake ukanda mwembamba wa namba zinazositasita.
Profesa Mwepu anasema tazama hapo penye kusitasita,
kwingine kote mambo yalishaamuliwa.

Mbegu ya kwanza ilikuwa ndogo mno.
Ilikufa hatua ya mia mbili, uji ukaifunika,
kioo kikabaki cha buluu kana kwamba hakuna aliyepita.
Kuna kipimo; chini yake kitu hakiwezi kuwa kitu,
ngozi yake inagharimu kuliko nyama yake.
Nilipomweleza mama hilo alinyamaza.
Halafu akataja majina mawili ambayo nyumbani hayatajwi,
akaendelea kutwanga sombe.

Ya pili nimeipa upana wa miraba minane.
Imekaa. Imeanza kula.
Mwanzoni ikawa duara, nzuri, bubu kama sahani;
nilisahau kwamba bila kelele tawi halichipui.
Lazima mashine itupie humo namba za bahati nasibu,
vumbi la makosa madogo madogo,
ndipo mikono minne inatoka, na kwenye mikono vidole,
na kwenye vidole miba.

Baba ameamka kwenda msalani,
amesimama nyuma yangu na shuka begani.
Miaka ishirini na sita mbele ya tanuru.
Nyusi ya kushoto haikuota tena.
"Hii nini?"
Shaba, baba. Inaganda.
Anacheka puani. "Shaba ya buluu."
Sisi, anasema, tuliijua kwa rangi:
ikiwa chungwa, bado;
ikiwa shingo ya jogoo, sasa, mimina.
Na ukishamimina usiisogelee.
Mgeni anadhani inapoa tu. Inapoganda ndipo inatema
moto wote iliokuwa imeuficha.

Nimegeuka kumtazama.
Huo ni mstari wa tatu wa hesabu yangu, ulionitesa wiki mbili:
kila mraba unaohama kutoka sifuri kwenda moja
huwapa majirani joto,
nao huchelewa kuwa jiwe kwa sababu yake.
Kitu hakitulii bure.

Walipompa karatasi ya kuondoka, waliyoiita ya hiari,
baba alitulia. Alikaa barazani mwaka mzima
na hakuna mtu nyumbani aliyeweza kumkaribia.

Sasa mbegu nyingine saba zinakua pembeni,
kila moja imeinama upande wake.
Zikikutana hazichanganyiki. Zinaacha mstari.
Baba anauwekea kidole, ukucha mnene, mweusi:
"Ingoti ikivunjika, inavunjikia hapa."
Anauliza kama mashine inajua hilo.
Haijui. Sijaiandikia.
"Iandikie," anasema, na anavuta kiti.

Hatua ya elfu arobaini na moja, umeme umekatika.
Lubumbashi yote imezimika, hata mlima wa makapi ya tanuru
umerudi kuwa kipande cha usiku.
Mimi nahesabu nilichowahi kuhifadhi.
Yeye hajaondoka. Ananieleza, polepole,
sauti ya shaba iliyoachwa ipoe peke yake:
tik,
kimya kirefu,
tik,
kama mtu anayevunja njiti za kiberiti
ndani ya mfuko wa koti.